Kiangazi cha Mipira ya Kijivu

Televisheni yetu ilikuwa na harufu yake. Ukiiwasha, baada ya dakika tano hivi vumbi lililojaa mgongoni mwake lilianza kupata joto, na sebule nzima ikanukia kitu kilicho kati ya nguo iliyopigwa pasi na udongo mkavu. Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1992, likizo ndefu ya shule, na vumbi la mtaa wetu wa Nyamirambo halikuwa na adabu. Liliingia kwenye vyombo, kwenye mashuka, kwenye vitambaa vya baba yangu aliyekuwa fundi cherehani, na mimi nilikuwa nimejipa kazi ya kulizuia lisiingie kwenye mashine zangu. Nasema zangu kwa sababu hakuna mwingine pale nyumbani aliyezielewa. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mmoja. Nilijua waya upi unaingia wapi, nilijua kusafisha kichwa cha deki ya video kwa karatasi nyeupe iliyochovywa kwenye kolonya ya baba, na kwa kusikiliza tu nilijua kama mkanda unakaribia kuliwa. Watu wazima walinifuata kutoka nyumba ya tatu niende kuwatengenezea picha. Sikuwa mnyenyekevu, na sioni sababu ya kujifanya leo kwamba nilikuwa.

Televisheni hiyo baba aliinunua kwa mwalimu mmoja Mfaransa aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao. Deki na mikanda ya filamu tuliletewa na Mjomba Shabani, kaka yake mama, mfanyabiashara aliyekuwa akienda Dubai mara kwa mara. Tatizo lililokuwepo nimekuja kulijua ukubwani. Televisheni ile ilitengenezwa kwa mfumo wa Kifaransa, mikanda ya Dubai ilikuwa ya mfumo mwingine, na mifumo hiyo miwili ikikutana picha inatoka safi ila rangi hazipiti. Hakuna aliyeishuku televisheni, kwa sababu jioni, kituo cha taifa kiliporusha matangazo yake ya saa chache, msomaji wa habari alitokea na tai yake nyekundu kabisa. Kwa hiyo mtaa mzima uliamua kwamba filamu ndizo za kijivu, zimetengenezwa hivyo huko zilikotoka. Elimu hiyo niliieneza mimi mwenyewe. Niliwaambia watu, bila kupepesa macho, kwamba rangi ni nzito na haienei kwenye mkanda, na watu wakaitikia kwa vichwa.

Aliyeziba pengo hilo la rangi alikuwa Bibi, mama mzazi wa mama na Mjomba. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ameanguka na kuvunjika nyonga, na tangu hapo godoro lake lilikuwa sebuleni, kichwa kikitazama televisheni. Alikuwa ameshona nguo za wanawake maisha yake yote, na alidai kuwa kijivu kamwe hakimdanganyi mshonaji. Filamu ikianza, majirani wamebanana kwenye mkeka na wengine wamesimama dirishani, Bibi alitangaza rangi. Sari ile ni ya kijani. Shati la yule mwovu ni la kahawia, na mwovu hawezi kuvaa nyingine. Hakuna aliyembishia. Wanawake walikwenda kwa baba kuagiza gauni la kijani kama sari ya yule binti wa kwenye filamu, na baba alilishona. Adhana ikilia nilizima deki, watu wakaenda kuswali, na waliporudi Bibi aliwakumbusha tulipoishia na nani alikuwa amevaa nini. Wakubwa walikuwa na mazungumzo yao mengine, ya redio na ya vita vya kaskazini, lakini mbele ya deki waliyaacha, na nadhani ndiyo maana walikuja kwa wingi namna ile.

Kisha Mjomba akaleta mashine ya gemu. Ilikuwa nyeupe, nyepesi kuliko nilivyotarajia, ina pedi mbili za kuchezea na kaseti moja tu ya mchezo. Mchezo wenyewe ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuuacha. Kioo kimegawanyika katikati, kila mchezaji ana nusu yake, na mipira inashuka kutoka juu. Ukiipanga minne ya aina moja inapasuka, na kila unachopasua wewe kinakwenda kumjazia mwenzako. Anayejaa hadi juu ameshindwa. Kwetu mipira hiyo ilikuwa ya kijivu cha aina nne, na mtu mwingine angekata tamaa siku ya kwanza. Bibi hakuniacha nikate tamaa. Aliitazama kwa muda, akaipa majina ya jikoni: mweupe kuliko yote ni maziwa, unaofuata ni majivu, unaofuata ni moshi, na mweusi ni masizi. Majivu na moshi vilikaribiana sana, na kuvitofautisha mipira ikishuka kwa kasi kulinitoa jasho wiki nzima. Bibi alikaa nyuma yangu akiniongoza kwa sauti yake ya chini, "Moshi huo, si majivu, mama, usiwe na haraka," na hatimaye macho yangu yakapata makali ambayo hata sasa najivunia. Mtaani hakubaki mtoto wa kunifunga. Wakubwa walijaribu pia, nikawafunga.

Mashine ilikuwa moja na nyumba zilikuwa mbili. Mjomba aliishi Kiyovu, kwenye nyumba kubwa yenye miti, na mwanawe Yasini, binamu yangu wa miaka kumi na mitatu, aliipenda mashine kama mimi. Wiki moja ilikaa kwao, wiki moja kwetu. Kila Jumamosi walikuja kumwona Bibi, na mashine ilikuja au iliondoka kwenye boksi lake. Sisi Kiyovu tulikuwa hatuendi, maana mgonjwa alikuwa kwetu. Yasini alikuwa mrefu, mpole, mwenye tabia ya kutazama kitu mpaka akielewe kabla hajafungua mdomo, jambo lililoniudhi kwa kuwa mimi nilikuwa nimeshaongea zamani. Jumamosi moja alinikuta nacheza, akasimama nyuma ya Bibi kwa muda mrefu akikitazama kioo chetu. Aliwahi kuitaja mipira fulani kuwa "wale wekundu", nami nikadhani ni majina yao ya huko Kiyovu, kama sisi tulivyokuwa na yetu.

Likizo ilipokaribia kwisha Mjomba alichoka kubeba boksi. Alisema mbele yetu wote, "Mashine iko moja, nyumba ziko mbili. Jumapili mtacheza pale kwangu. Mwenye kushinda anabaki nayo, na sitaki kusikia kilio." Mama alicheka, lakini mimi sikuona cha kuchekesha. Mchana, majirani wakiwa kazini na mikanda yote imekwisha kutazamwa mara kumi, Bibi na mimi tulikuwa na mchezo ule tu. Alikuwa ameacha kuuliza lini atatembea. Aliuliza tumefikia hatua ya ngapi. Nilijua kwamba mashine ikienda Kiyovu, Bibi atabaki anatazama dari hadi jioni, na sikuwa tayari kuliona hilo. Nilifanya mazoezi siku zote zilizobaki mpaka vidole gumba vikaota sugu, na Jumapili hiyo Bibi aliniombea dua, akanisukuma begani niondoke.

Baba na mimi tulikwenda kwa miguu. Sebule ya Mjomba ilikuwa na mapazia mazito na televisheni aliyoinunua Dubai pamoja na mambo yake mengine, kubwa mara mbili ya yetu. Tulipoingia ilikuwa inaonyesha mkanda ambao mimi na Bibi tuliujua kwa moyo, na binti wa kwenye filamu alikuwa anacheza bustanini na sari yake. Sari ilikuwa ya waridi. Nilisimama na viatu mkononi. Anga ilikuwa ya buluu, midomo ya binti ilikuwa myekundu, na shati la yule mwovu lilikuwa la rangi ya ndizi mbivu. Baba naye aliona, akanitazama, na najua wote wawili tuliyafikiria yale magauni ya kijani yaliyokuwa yakitembea Nyamirambo. Nilikaa nikijaribu kuficha kwamba elimu yangu yote ya kiangazi kizima ilikuwa imeporomoka kabla hata sijapewa chai.

Makubaliano yalikuwa michezo mitatu, mwenye miwili ndiye mshindi. Mchezo wa kwanza sikuucheza, niliutazama. Mipira iliposhuka ilikuwa ya manjano, kijani, nyekundu na buluu, mizuri mno, na mikono yangu haikujua kabisa ifanye nini. Nilitafuta masizi sikuyaona. Kila mpira nililazimika kuutafsiri kichwani kabla ya kuusukuma, na nilipomaliza kuutafsiri ulikuwa umeshakaa mahali pabaya. Yasini alinijaza hadi juu kwa muda mfupi kuliko muda wa kunywa kikombe cha chai. Kichwani nilimwona Bibi kwenye godoro lake, akimsubiri mtu anayerudi mikono mitupu.

Nikauliza, kwa sauti niliyoilazimisha iwe ya fundi, kama televisheni hiyo ina kitufe cha kupunguza rangi. Mjomba alitikisa kichwa. "Oya, hapana. Kila mtu anacheza na kile iko." Baba alinikonyeza ninyamaze. Ndipo Yasini akaongea, na aliongea na baba yake, si nami. "Papa, kwao iko inacheza bila rangi. Mimi niliona. Moja tumecheza ya kwetu, moja tucheze ya kwao." Mjomba alimwuliza kama anajua anachokisema, naye akakubali, "Yego, Papa." Akafungua kifuniko kidogo chini ya kioo, akazungusha kitufe taratibu, na zile rangi zote zikafifia mpaka zikaisha. Maziwa, majivu, moshi, masizi. Nilipumua. Mchezo wa pili nilimfunga vibaya, kwa sababu yeye sasa ndiye aliyekuwa akichanganya majivu na moshi, akikunja uso, akikisogelea kioo.

Kabla ya mchezo wa tatu Yasini aliinuka tena. Nyumba ilikuwa yao, televisheni ilikuwa yao, na hapakuwa na makubaliano yoyote kuhusu mchezo wa tatu. Aliinama akakishika kile kitufe. Mimi nilikuwa nafuta jasho la viganja kwenye gauni, na nakumbuka niliwaza tu kwamba anachelewesha. Alikaa hivyo kidogo, kisha akakiacha kilivyo, akafunga kifuniko, akarudi kukaa. "Twende," alisema. Nilimfunga. Ulikuwa mchezo mrefu, alipigana kweli, na mwishoni Mjomba mwenyewe alikuwa amesimama. Nilirudi Nyamirambo nimelikumbatia boksi, nikikataa msaada wa baba, na Bibi aliponiona mlangoni alicheka hadi akashika nyonga kwa maumivu. Habari za sari ya waridi sikumwambia, wala baba hakumwambia. Alizitangaza rangi zake hadi alipofariki kwenye godoro lake, mwaka uliofuata, akiamini hajakosea hata moja.

Leo kazi yangu ni hiyo hiyo niliyojipa nikiwa na miaka kumi na mmoja, ila sasa nina duka, nina mafundi chini yangu, na watu wa Kiyovu na Kinyinya hunipigia simu niwafungie vioo vya televisheni vinavyofunika ukuta mzima, spika za kila kona na projekta za filamu. Naifanya vizuri, na wateja wanajua. Rangi siku hizi ni kali kuliko za bustanini. Mwanangu ana mashine ambayo mimi nisingeweza hata kuiota, na anacheza na watu wa nchi asizozijua, amevaa vifaa vya masikioni, mlango umefungwa. Hakuna mkeka, hakuna dirisha lililojaa vichwa. Sisemi kwamba zamani ilikuwa bora. Ningepewa mashine yake wakati ule ningeufunga mlango pia.

Kisa cha kitufe nimekisimulia miaka mingi, harusini, dukani, kwa wateja, na siku zote kimekuwa kisa cha ujanja wangu. Watu hucheka, husema nilianza ufundi mapema. Hivi karibuni nilimsimulia mwanangu, ambaye mwaka huu ametimiza miaka kumi na mitatu. Hakucheka. Alitoa vifaa vyake masikioni akauliza, "Mchezo wa tatu, kwa nini hakurudisha rangi?" Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, wala mimi sikuwahi kujiuliza. Yasini aliuawa mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, yeye na mama yake. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Mashine iliporwa siku hizo hizo na sikuijutia hata dakika moja. Lakini mbele ya mwanangu nilikiona tena kile kiganja kikiwa juu ya kitufe, na nikaona kwamba mashine ile sikuishinda, nilipewa, na aliyenipa alijua anachokitoa. Nilimjibu mwanangu kwamba Yasini alifanya hivyo kwa ajili ya Bibi, au kwa ajili yangu, na kwamba sina tena wa kumuuliza. Kisha nikamwambia na kile ambacho sijawahi kukiweka kwenye kisa hicho, kwamba siku ile nilibeba boksi nikatoka, na hata asante sikumwambia.