Sindano Iliyolala kwenye Baridi

Shavu langu la kushoto halioti ndevu. Waliolichoma ni wawili: tajiri mwenye pikapu ya majani ya chai pale Gesima, na shemeji yake, fundi mkuu. Nasema hivyo nikiwa na akili timamu.

Nilikuwa dereva wao miaka ya sabini ilipoanza. Siku niliyoungua napanda mlima wa Manga na mzigo, sindano ya mita ya moto wa injini imelala kwenye baridi kana kwamba gari halijawashwa. Injini ikakosa nguvu. Nikafungua boneti, mpira wa rejeta ukanipasukia usoni kwa maji yanayochemka.

Kutoka hospitali, nakuta nimeshahukumiwa. Dereva mzembe, kaua injini. Leseni yangu tajiri kaikalia.

Nikasema tuipime ile mita mbele ya watu. Jumapili asubuhi majirani wakajaa uani kwake. Injini ilikuwa imetengenezwa, inanguruma, imepata moto, lakini sindano bado imelala.

“Umeishia darasa la tatu, utapima nini?” fundi mkuu akacheka. “Hata mita huwezi kusoma.”

“Sindano haina herufi, mzee.”

Tajiri akakaa kwenye usukani aangalie. Nikachomoa waya wa sensa, kile kifaa kinachoipelekea mita habari ya moto, nikaugusisha kwenye chuma cha injini.

“Imepanda mpaka mwisho!” akapaza sauti.

Basi mita nzima, waya mzima. Nikaurudisha, sindano ikalala. Nikachukua kipande kingine cha waya, ncha moja kwenye mwili wa sensa, nyingine kwenye injini.

“Imesimama katikati,” akasema, safari hii polepole.

Kumbe hata sensa ni nzima, ila haigusi injini. Tukangoja ipoe, nikaifungua. Skrubu yake ilikuwa imezungushiwa nyuzi za mgomba na rangi nzito, vile tunavyoziba bomba la maji nyumbani. Kwa bomba, sawa. Sensa isipogusa chuma kwa chuma, inakuwa bubu.

“Nani aliziba hivi?” nikauliza.

“Ilikuwa inavuja,” fundi mkuu akanung'unika.

Tajiri akatoa leseni yangu. “Tuyamalize kifamilia, mdogo wangu. Kesho upakie chai.”

“Kwanza shemeji yako aseme mbele ya hawa kwamba si mimi niliyeua injini.”

Fundi mkuu akainama kufuta spana ambayo haikuwa na uchafu.

Leseni nikachukua. Kazi yao nikawaachia. Zile nyuzi ninazo kwenye kopo mpaka leo. Anayesema nilizembea na aje nimwonyeshe.