Mkono wa Salome

Ukimwambia mtu wa Malangali, pale Sumbawanga, kwamba Dominika alimvunja mwenzake mkono mbele ya kamera, atakuuliza Dominika yupi. Wanayemjua wao ni yule binti wa mabega mapana ambaye kuku akitaka kuchinjwa, yeye hukumbuka ghafla kwamba kuna maji ya kuchota. Mabega aliyapata shambani, kwa kuinua matuta ya ntumba, yale ya kufukia majani, tangu akiwa mdogo. Upole aliupata kwa bibi yake Justa, aliyemlea.

Bibi Justa ni Mfipa wa zamani. Kwake kusalimia si kupunga mkono na kupita. Huchutama, akapiga makofi ya taratibu, na anayesalimiwa huchutama naye akajibu. Alimfundisha mjukuu wake kwamba mtu akikupigia makofi akiwa chini, hata kama umeshika nini, unaweka na kumjibu kwanza. Dominika alikua hivyo, na mikono yake ilijibu hata kabla yeye mwenyewe hajafikiri.

Sambo, mieleka ya koti na mkanda iliyotoka Urusi, alikutana nayo parokiani. Maximilian, askari mstaafu, alikuwa akiwafundisha vijana katika ukumbi wa Katandala, juu ya viroba vilivyojazwa pumba za mpunga. Dominika alikwenda kurudisha masufuria ya jumuiya, wakamtania ajaribu. Akamwinua dereva bodaboda mmoja, akamlaza chali, kisha akamwomba radhi. Maximilian alicheka mpaka ikabidi akae.

Ndivyo ilivyoanza, na miaka michache baadaye akajikuta ugenini, kwenye michezo ya nchi za Afrika, ile inayokusanya wakimbiaji, waogeleaji na mabondia katika mji mmoja. Kikosi kimoja cha jeshi kilikuwa kimeahidi ajira kwa atakayerudi na medali. Kwa mtu aliyelelewa na jembe, hilo si neno la kupuuza.

Sasa, katika sambo, ukikamatwa mkono ukanyooshwa na huwezi tena kuvumilia, unapiga kiganja mara mbili, kwenye zulia au mwilini mwa mwenzako. Ndiyo kusema nimeshindwa. Mwamuzi akiona anapuliza filimbi, na pambano limekwisha. Katika pambano lake la kwanza Dominika alimfunga mpinzani mkono vizuri kabisa, akasikia kiganja kikimgonga begani, naye akaachia palepale. Mwamuzi alikuwa upande wa pili, hakuona kitu. Yule dada aliinuka, akamkamata Dominika koti, akamtupa chali, na ushindi ukawa wake.

Dominika alibaki pale kwenye zulia mdomo wazi. Kilichomshtua si kushindwa. Ni kwamba mtu anaweza kukuomba umwachie, ukamwachia, halafu akajifanya hakuomba. Hakuwahi kuona jambo la aina hiyo tangu azaliwe, na alisema hivyo kwa Maximilian huku machozi yakimlengalenga. Maximilian naye, aliyesafiri naye kama kocha, hakuwa na huruma siku hiyo.

"Wewe si mwamuzi," alimwambia. "Usiachie mpaka usikie filimbi. Hata akigonga mpaka kesho."

Bahati ilikuwa upande wake, kwa sababu aliyemshinda alifika fainali, na kwa kanuni zao Dominika akapata nafasi ya kugombea shaba. Akashinda pambano moja, likabaki jingine. Aliyepangiwa ni Salome, msusi wa nywele kutoka Kalemie, Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Walikuwa wamefahamiana kwenye foleni ya chakula, wakafurahi kukutana na Kiswahili huko mbali, wakausema vibaya wali wa pale mpaka mpishi akawaangalia. Salome alimwahidi kumsuka kabla hawajaagana.

Zuliani hakukuwa na utani. Walivutana makoti, wakaanguka pamoja, na Dominika akaupata mkono. Akaulaza kifuani, akaubana kwa miguu, akaanza kuunyoosha. Uso wa Salome ulikuwa umezibwa na mguu wa Dominika, hata sauti haikutoka. Mwamuzi alikuwa nyuma ya migongo yao. Hapo Dominika akasikia kiganja pajani. Mara mbili. Kikatulia kidogo, kikagonga tena.

Mikono yake ilitaka kuachia. Yeye akaizuia. Akasubiri filimbi.

Kiwiko kililia kama ukuni mkavu. Filimbi ikaja baadaye.

Walimnyanyua Dominika mkono juu, naye hakuelewa kwa nini ukumbi unashangilia. Aliuliza kama wameita daktari, akauliza tena. Walipomvalisha ile shaba alikuwa bado anatazama mlango ambao machela ilipitia.

Kila mtu alimsamehe, hilo ndilo lililomtisha. Maximilian alisema kwa zile kelele asingeweza kujua. Mwamuzi alisema ni ajali ya mchezo. Hata kocha wa Wakongo alikuja kumpa mkono, akasema Salome hana kinyongo. Alipopiga simu nyumbani, majirani walikuwa wamejaa uani kwa Bibi Justa wakipiga vigelegele. Bibi aliwanyamazisha, akauliza neno moja tu: "Na mwenzio yukoje?" Dominika akasema mtandao unasumbua, akakata.

Asubuhi ya kuondoka alikwenda hospitali. Salome alikuwa ameegemea mto, mkono wa kulia umefungwa plasta kutoka begani hadi vidoleni. Madaktari walikuwa wamemwambia hautakunjuka tena wote. Kwa msusi, hayo ni maneno gani. Lakini alipomwona Dominika alitabasamu, akamkaribisha kitini, akamwambia asijitese.

"Nimewaambia wote kwamba hukusikia nikigonga," alisema. "Si ndiyo, dada?"

Lilikuwa neno jepesi kulijibu. Ndiyo moja tu, na Dominika angerudi Sumbawanga na ajira yake, medali yake na rafiki. Salome mwenyewe alikuwa amemfungulia mlango, anangoja apite.

"Nilikusikia," Dominika akasema. "Nilikusikia mara zote."

Tabasamu la Salome lilibaki usoni kidogo, kwa mazoea, kisha likaondoka. Alimtazama mgeni wake kuanzia viatu mpaka kichwani.

"Niliyemsamehe ni yule ambaye hakusikia," akasema. "Wewe sikujui."

Akamwita nesi, akamwambia muda wa wageni umekwisha.