Plagi Haioshwi

Kuna mafundi wa kubahatisha, na kuna sisi wa kusoma plagi. Ng'oa plagi ya pikipiki yako, nipe niigeuze juani, nami nitakuambia kabureta inavyoilisha injini. Ikiwa nyeusi ya masizi, petroli imezidi hewa. Ikiwa nyeupe kama chaki, hewa ndiyo imezidi na injini inaungua polepole. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, nenda zako, usinipotezee wakati. Wanabodaboda wa Nakuru wananijua kwa hilo, na sitajifanya mnyenyekevu: ni nadra nikosee.

Dada yangu mkubwa anaishi Molo. Kila asubuhi hukusanya maziwa ya majirani kwa pikipiki, mitungi miwili huku na huku, na kuyafikisha kwenye kituo cha kupozea kabla hayajaharibika. Ndiyo kazi aliyolelea watoto. Kabureta ya pikipiki hiyo niliirekebisha mimi, kwenye banda langu Nakuru, mpaka injini ikaimba. Mwezi haukuisha akaanza kulalamika kwamba ikipanda kilima na mzigo inakohoa na kuzima, anabaki kusukuma. Nikamwambia ailete.

Akaileta. Nikaijaribu mjini, ikaenda vizuri kabisa. Nikang'oa plagi: safi, inang'aa.

"Dada, hii haina shida," nikamwambia. "Shida ni vile unabadilisha gia."

"Kwani nimeanza kubadilisha gia jana?"

Alirudi mara ya pili, akarudi ya tatu. Kila mara plagi ilikuwa safi, na kila mara nilimrudisha kwake na somo lile lile la gia, wateja wakisikia. Plagi ya mtu mwingine iking'aa hivyo ningeshtuka, maana injini inayofanya kazi lazima iache rangi. Lakini hii ilikuwa kazi ya mikono yangu, na nilipenda nilichokiona.

Halafu akanipigia simu, sauti imepoa.

"Wamekataa maziwa yangu mara mbili juu ya kuchelewa. Wamesema ikifika ya tatu nisirudi. Nimepata mtu wa kununua pikipiki, anakuja kesho saa sita."

"Na maziwa?"

"Nitaacha. Nitafanya nini na mimi sijui gia?"

Neno hilo lilinichoma. Kesho yake alfajiri nilikuwa njiani, na saa moja nilikuwa nimefika kwake. Baridi ya Molo haina adabu, inaingia mpaka kwenye mifupa bila kubisha hodi. Nikajaza mitungi maji, nikaifunga kwenye pikipiki, nikakikabili kile kilima chake. Katikati ikaanza kukohoa, na mimi na gia zangu zote nikashindwa. Nikazima injini pale pale kabla haijabadilisha ushahidi, nikang'oa plagi. Ilikuwa nyeusi kama tako la sufuria.

Nilijikasirikia hadi nikaitupa spana kwenye nyasi. Molo iko juu, hewa yake ni nyepesi kuliko ya Nakuru. Petroli inayoitosha injini kule chini, huku inaizamisha. Fundi wa juzi analijua hilo. Mimi nililijua miaka yote, ila sikuwahi kupanda kuja kuangalia.

Dada alikuwa amenifuata kwa miguu, leso begani. Alinitazama nikiitafuta spana, akasema, "Nyani haoni kundule," akacheka. Nikafungua kabureta, nikaishusha sindano yake ngazi moja ili petroli ipungue, nikaongeza hewa kidogo, nikasugua plagi, nikapanda tena na mitungi yangu. Nikarekebisha tena, nikapanda tena. Mara ya tatu pikipiki ilifika kileleni bila kikohozi, na plagi ikatoka na rangi ya chai. Hapo ujeuri wangu ukarudi wote. Dada akaendesha mwenyewe kwenda na kurudi, akatoa simu.

"Boss, usikuje. Hii pikipiki haiuzwi."

Saa nne ilikuwa haijafika. Nikamuuliza basi, kama masizi yalikuwa mengi hivyo, mbona plagi zote nilizoziona zilikuwa safi?

"Nilikuwa nasimama pale Ngata, kabla ya kuingia mjini, naing'oa, naisugua na msasa," alisema. "Ile siku ya kwanza kabisa, ulipotengeneza kabureta, nilikuja na matope, ulinipigia kelele mbele ya watu wako. Ukasema mtu mchafu asikuletee kazi. Nikaona heri nioshe kila kitu, hata plagi, usinigombeze tena."

Sikuikumbuka siku hiyo. Nilijaribu, sikuikumbuka hata kidogo, na hilo ndilo lililonitia aibu zaidi. Nimesema maneno kama hayo kwa watu wengi, yakanitoka kama pumzi. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo, na alikuwa akisimama kando ya barabara kufuta ushahidi kwa sababu ananiogopa.

"Nisamehe, dada," nikamwambia.

"Nimekusamehe." Akakunja leso yake taratibu. "Lakini hapa tuko wawili tu. Jumatatu nitakuja kwa banda. Utasema hivyo hivyo, mbele ya wale wale."

Jumatatu alikuja, na pikipiki ina matope hadi kwenye taa. Nikazima redio ya banda, wote wasikie, nikasema.