Funguo Tatu za Sanduku

Laiti ningekataa siku ile wanakikundi waliponiomba nitunze fedha zao kwenye simu yangu.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa, hapa Mugoma, kilikuwa na sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo zilikaa nyumba tatu, na mmoja alikuwa nao mke wangu. Hakuna aliyeweza kulifungua peke yake, hata mtoto akiugua. Watu wakalichoka.

"Babu, wewe umefika kidato cha nne," mama mmoja aliniambia. "Tutue huu mzigo. Nalibeba sanduku kila Jumamosi mpaka shingo imeingia kifuani!"

Wakacheka. Mke wangu hakucheka. "Funguo tatu mnazifanya mmoja," alisema, "na huo mmoja mnampa mpenda mpira."

Nilimwambia asinivunjie heshima mbele za watu. Nikakubali.

Baadaye nikakwama Nyakanazi nikisubiri basi. Pale kwa mama lishe, dereva wa lori alikuwa akibeti mechi za mpira kwenye simu.

"Shikamoo, mzee. Weka hata mia tano, uchangamke."

"Marahaba. Haya, nioneshe."

Niliweka mia tano yangu, nikashinda. Hapo ndipo nilipoharibikiwa. Kama ningeipoteza siku ile, ningemaliza chai yangu nikaondoka.

Nyumbani niliendelea: chooni, kitandani, hata shambani nimeegemea jembe. Zangu zilipoisha, za kikundi zilikuwa palepale, simu ileile, namba ya siri ileile. Nilijiambia mkeka mmoja, dau moja la mechi tano kwa pamoja, utazirudisha zote. Sanduku lingenilazimisha kupiga hodi kwa watu na kueleza ninachotaka. Simu haikuniuliza kitu.

Siku ya kugawana akiba, mama yule wa shingo alikuja na kikapu kipya.

"Babu, leo simu itatapika?"

Niliisukuma simu ndani zaidi ya mfuko. Mke wangu aliniangalia usoni, akaelewa. Ni yeye aliyewaambia warudi makwao, kwamba watalipwa.

Tuliuza shamba la kahawa, miche aliyoipanda yeye mwenyewe tukiwa vijana. Wote walilipwa. Sanduku likarudi na kufuli zake, ila kwangu hakuna ufunguo. Mke wangu akafunga nguo zake, akahamia kwa binti yetu anayeishi Kaniha. Nikimpigia anapokea, ananiuliza kama nimekula, kisha anakata.

Kukubali kule kulinigharimu lile shamba, na kulinigharimu mke wangu. Hajarudi, nami sina cha kumwambia ili arudi.