Moyo wa Mchuma Chai Usiosikia Amri

Saa mbili asubuhi, ukungu bado umelalia mashamba ya chai upande wa Kimulot. Jerusa Nyanchama analaza ufito juu ya kichaka, anachuma yale yaliyochomoza juu yake, majani mawili na chipukizi, na kuyarusha nyuma ya bega hadi kikapuni. Mikono yake haikawii. Kinachokawia ni kile kilicho ndani ya kifua.

"Mama Gesare?" anaita Cheptoo kutoka mstari wa pili.

"Niko," anajibu Jerusa.

Vichaka vichache tena. "Mama Gesare?"

"Niko, dada. Leo utalimaliza hilo jina."

Wenzao wanacheka. Wameshazoea. Tangu mwezi wa tatu wa mwaka huu wa 1996 Cheptoo huita hivyo, iwe mvua au jua, na jibu likichelewa mikono yake husimama hewani.

Anaita tena. Safari hii hakuna jibu.

Cheptoo anatupa kikapu na kupenya katikati ya vichaka, aproni yake ya plastiki ikiraruka. Anamkuta Jerusa amelala ubavu kwenye matope, uso rangi ya majivu, macho wazi lakini hayaoni. Anaweka vidole shingoni mwa rafiki yake, kama alivyofundishwa hospitalini, na kungoja. Kitu kinagonga. Kimya kirefu. Kinagonga tena, kisha tena, na uso wa Jerusa unaanza kupata joto.

"Nimeanguka?" anauliza.

"Hapana, ulikuwa unachuma yale ya chini," anajibu Cheptoo.

Nyapara wao, Kipkemoi, anafika mbio na gambuti zake. "Mama Gesare, enda ukae pale kwa mizani. Meneja akikupata chini, si mimi nitaulizwa?"

"Na kikapu changu?"

"Kikapu hakina moyo. Kitangoja."

Jerusa ana umri wa miaka arobaini na mmoja. Alikuja huku kutoka Gusii akiwa bibi harusi, mumewe akamwacha na mtoto mmoja, Gesare, ambaye sasa yuko darasa la sita. Wanaishi katika chumba kimoja cha kambi ya shamba. Chumba hicho ni cha mchumaji. Asiyechuma hurudisha ufunguo. Zamani Jerusa alipeleka kilo hamsini kwenye mizani siku ya majani mengi. Siku hizi akifikisha nusu yake hushukuru Mungu.

Mara ya kwanza kuanguka haikuwa shambani. Ilikuwa kanisani, Jumapili kabla ya Krismasi, katikati ya maombi ya sauti kubwa. Katika kanisa lao, mtu akianguka wakati wa kuombewa hafai kuguswa. Akina mama wahudumu humfunika leso, na waumini huzidisha nyimbo mpaka ainuke mwenyewe. Jerusa alifunikwa leso. Alipofungua macho aliona maua ya kitambaa na kusikia watu wakimtukuza Mungu kwa ajili yake.

"Mimi nilifurahi," anasema. "Nilijiambia, hata mimi wa kuchuma chai, Bwana amenikumbuka."

Alianguka tena mwezi wa pili, na safari hiyo walimwimbia nyimbo tatu nzima kabla hajaamka. Watu wakaanza kumletea wagonjwa awaombee. Hakuna aliyeshika shingo yake kuona kama damu inapita.

Aliyetia shaka ni Cheptoo, ambaye husali kanisa hilo hilo. Mwezi wa tatu, Jerusa alipoanguka shambani bila wimbo wala mhubiri, kikapu mgongoni na mdomo kwenye matope, Cheptoo alimsimamia na kusema neno ambalo wengine walilipokea vibaya: "Roho Mtakatifu hawezi kumwangusha mtu kwa matope. Huyu ni mgonjwa."

Walikwenda hospitali. Huko tabibu Mogaka, kijana wa kwao Gusii, alimshika mkono, akatazama saa yake, akamshika tena kana kwamba hakuamini. Moyo ulikuwa ukipiga mara thelathini na nne kwa dakika, nusu ya mapigo ya mtu mzima aliyetulia. Wakamfunga nyaya kifuani na miguuni, na mashine ikachora vilima kwenye karatasi ndefu.

Mogaka aliona kwamba maneno ya kitabu hayatafika, akatumia ya shambani.

"Mama, moyo wako una vyumba vya juu na vya chini," alimwambia. "Juu kabisa, upande wa kulia, kuna mahali padogo panapotoa cheche ya umeme. Huyo ndiye meneja. Akitoa amri, vyumba vya juu vinajikunja. Halafu amri inafika katikati kwa nyapara. Nyapara anaichelewesha kidogo, damu ipate kushuka, kisha anaipeleka chini kwa njia mbili, kulia na kushoto, na vyumba vya chini vinasukuma damu mwilini."

"Kwa hivyo nyapara wangu amelala?"

"Njia yake imekatika. Meneja anatoa amri vizuri, mara sabini na zaidi, lakini chini hazifiki. Wafanyakazi wa chini si wavivu, wanaanza kazi bila kuambiwa, ila polepole. Siku wakinyamaza hata sekunde chache, kichwa kinakosa damu. Ndipo unaanguka."

"Na wakinyamaza kabisa?"

Mogaka alikunja ile karatasi kabla ya kujibu. "Hiyo ndiyo sababu hutakiwi kukaa hivi."

Dawa haiungi njia hiyo. Kinachohitajika ni kifaa kidogo cha betri, kipana kidogo kuliko kiberiti, kinachoshonewa chini ya ngozi karibu na mtulinga, ule mfupa wa chini ya shingo. Waya wake hupita ndani ya mshipa hadi chumba cha chini cha moyo, na amri ikikosekana, kifaa huitoa. Hospitali moja ya Nairobi ilikuwa imepokea vifaa vichache vya msaada. Mwezi wa tano simu ilipigwa ofisi ya shamba: Jerusa aende.

Hakwenda. Nafasi yake alipewa mtu mwingine.

Sababu aliibeba mabegani. Kikapu cha chai hubebwa mgongoni kwa mikanda miwili, na mmoja hupita pale pale panapowekwa kifaa. Mogaka alikuwa amemwonya kwamba mkanda wenye uzito haufai kulala juu yake. Jerusa alisikia jambo moja tu: ufunguo wa chumba unarudishwa.

"Nilimwomba Mungu achague," anasema. "Nilikuwa naogopa kuchagua mimi."

Wiki iliyopita simu ilipigwa tena. Kitanda kinamngoja Jumanne. Kipkemoi amezungumza na meneja juu ya kazi nyepesi na hajapewa jibu. Cheptoo naye ameshona mshipi wa gunia wa kubebea kikapu, unaopita kwenye paji la uso, jinsi mama yake alivyobebea kuni. Jerusa, aliyekua akibeba kila kitu kichwani kama wanawake wa kwao, ameujaribu jioni nyuma ya kambi. Shingo inauma. Nusu kikapu kinakubali.

Hata hivyo, hadi asubuhi hii hakuwa amesema kama atakwenda.

Sasa ameketi kando ya mizani, matope yakikauka shavuni. Cheptoo anakuja kupima majani yake, kisha anachuchumaa mbele yake.

"Leo nilikuwa nimeweka vidole hapo shingoni," anasema. "Kwa ile kimya, nikaanza kupanga vile nitamwambia Gesare. Nilikuwa nimefika kwa maneno ya kwanza."

Jerusa anafuta shavu kwa ukingo wa aproni, anamtazama Kipkemoi aliye kwenye mizani.

"Jumatatu sitakuja kazini," anamwambia. "Naenda Nairobi. Chumba tutaongea nikirudi."

Kipkemoi anaitikia kwa kichwa. Hana ahadi ya kumpa, na hajifanyi anayo.

Cheptoo atamsindikiza, ameketi mahali anapoweza kuifikia shingo yake njia nzima. Akirudi, Jerusa anapanga kuanza na nusu kikapu kwa mshipi wa paji la uso, na kuliambia kanisa kwamba mtu akianguka, kwanza ashikwe shingo, nyimbo zifuate. Mogaka amemweleza kwamba betri hudumu miaka kadhaa, halafu hubadilishwa.

"Miaka hiyo ikipita Gesare atakuwa mtu mzima," anasema Jerusa, na kwa mara ya kwanza leo anatabasamu. "Safari hiyo ya pili, yeye ndiye atanipeleka."