Foleni ya Bomba Moja

Rafiki yangu, foleni ya kupimwa korona pale Rooty Hill, huku ughaibuni, ilikuwa ndefu kiasi kwamba ungeweza kuzaliwa mwanzoni ukastaafu mwishoni. Mimi nilikuwa katikati, barakoa usoni, simu sikioni. Shangazi alikuwa akipiga kutoka Tanga: bibi, aliyenilea, hapumui vizuri. Mipaka ilikuwa imefungwa, na ombi langu la kusafiri lilikuwa limekataliwa mara mbili.

Foleni ile ikanirudisha bombani. Mtaa mzima bomba moja, na maji yenyewe hutoka yanapojisikia. Bibi aliitega ndoo yetu mstarini, akaniacha nayo ili akageuze vitumbua vyake. Harufu ya iliki ilinifuata hadi pale. "Simama kidete, mume wangu," aliniambia.

Ukubwani, shule ya jioni, mwalimu alitueleza: kidete ni imara, bila kuyumba. Nikaandika, nikafaulu. Lakini kwa bibi halikuwa neno la askari wa gwaride. Maana yake ni kwamba aliyekuacha, akirudi, akukute.

Basi siku moja nikabanwa na mkojo, wallahi, kama niliyekunywa mto Pangani mzima. Sikuondoka. Jirani aliyekuwa nyuma yangu akaangua kicheko: "Jamani njooni, maji yametoka huku!"

Bibi akaja mbio, mikono imejaa unga wa mchele, akanifunika khanga. "Cheka tu, shoga. Wangu kasimama kidete. Wako yuko wapi?"

Sasa, kule Tanga, shangazi akamwekea bibi simu sikioni.

"Mume wangu, umefika?"

"Bado, bibi. Ila nimesimama."

"Kidete?"

"Kidete, bibi."

Nikasikia pumzi moja. Nikasikia ya pili. Kisha nikamsikia shangazi akilia.

Foleni ikasogea, mimi sikusogea. Nyuma yangu alikuwepo mama wa Kikenya, nesi kwa sare yake, ambaye Kiswahili chetu chote alikuwa amekisikia. "Woi, pole sana, ndugu yangu," alisema. "Enda ukae pale kando kidogo. Nitakushikia laini, hakuna mtu atakuruka."

Nasikia siku hizi kila nyumba mtaani kwetu ina bomba lake, na hakuna mtoto anayeachiwa ndoo. Vitumbua vile navyo vimekwenda na mwenyewe.

Nilitoka mstarini. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Yule mama alikuwa amesimama kidete, nafasi yangu ameilinda kama yake. Mimi ndiye nisiyekuwa na pa kwenda.