Mtu Aliyeombwa

Kazi yangu ilikuwa kuwa mtu. Sitanii. Kwenye mkataba walitumia maneno marefu zaidi, lakini siku ya kwanza msimamizi wetu alitueleza hivyo hivyo huku akicheka: mashine inajibu kwanza, na mteja akichoshwa na mashine, akasema anataka mtu, basi mtu huyo ni wewe.

Nilikaa dirishani, kwenye jengo moja la kitongoji cha Lidcombe, kusini ya mbali ya dunia, juu ya duka la matairi. Chini yangu treni ziligawana njia, nyingine zikaelekea mjini, nyingine Guildford ninakoishi. Saa tano asubuhi jua lilikuwa limeshajaa mezani, na masikioni mwangu kulikuwa na Ubelgiji na Ufaransa, ambako ilikuwa saa saba ya usiku. Waliopiga ni wale waliokosa usingizi. Walinong'ona wasije wakaamsha nyumba, na mimi nikajikuta nanong'ona mchana kweupe. Nilipovua hedifoni nilishangaa kuona watu wanapita barabarani wakila chipsi.

Waliniajiri kwa ajili ya Kifaransa changu cha shule za masista, Bukavu. Kampuni ilikuwa ya kuweka na kukopesha pesa kwa simu tu, haina hata tawi moja lenye mlango. Mafunzo yalikuwa ya sheria za Ulaya, na nilizipenda kuliko nilivyotarajia. Kulikuwa na ile inayotaka benki ilinganishe jina la mpokeaji na akaunti kabla pesa haijaondoka. Kulikuwa na ile ya kuthibitisha malipo kwa njia mbili, neno la siri na simu yako mwenyewe. Kulikuwa na ile inayokupa muda wa kujirudi ukishachukua mkopo mtandaoni: unabonyeza kitufe, unaondoka, huulizwi sababu. Hiyo ilinichekesha. Kwetu hata kukataa chai kunahitaji sababu, tena nzuri.

Na kulikuwa na hiyo mpya iliyonipa ugali: anayehudumiwa na mashine katika mambo ya pesa ana haki ya kuomba mtu. Kampuni yetu haikutaka ubishi wa nani anastahili na nani hastahili, kwa hiyo kila aliyeomba alipewa. Nilikuwa nawawazia wale wakubwa wa Ulaya waliotunga sheria hiyo katika jumba lao, miwani puani, wakijadiliana mpaka jioni kama binadamu ana haki ya kuongea na binadamu mwenzake, halafu wakainua mikono wote. Picha hiyo ilinifuata hadi kwenye treni.

Sheria nyingine, ya zamani kidogo, ilibandikwa ukutani mbele yetu: usimuulize mteja jambo usilolihitaji kwa shughuli yake, hasa mambo ya ugonjwa. Niliisoma, nikatikisa kichwa kukubali. Ilionekana kuwa adabu tu.

Nilikuwa kwenye miezi ya majaribio. Nikifaulu, kiti cha dirishani ni changu. Nikifeli, narudi kwenye ghala la vyakula vya baridi kufunga maboksi, ambako mgongo wangu ulikuwa umeanza kunisema. Nilikitaka kile kiti, na sioni haya kusema.

Asubuhi moja akapiga mama wa Ubelgiji, mjane. Sauti yake ilitoka mbali, kana kwamba ameketi chini ya meza. Alikuwa anajaribu kulipia gesi ya kupasha nyumba joto. Kila akilipa, benki ilituma ombi la uthibitisho kwenye simu ya mumewe, kwa sababu akaunti ilifunguliwa kwa simu hiyo. Simu ilikuwa kabatini, chini ya soksi za marehemu. Yule mama hakujua neno la kuifungua, na hakutaka kuizima.

"Inalia," aliniambia. "Inamwomba athibitishe."

Nilipaswa kusema: tutahitaji cheti cha kifo. Ndilo jambo nililolihitaji kwa shughuli yake, na si lingine. Mdomo wangu ukasema, "Pole sana, mama. Alikuwa anaumwa nini?"

Hata sikuwaza. Kwetu msiba huingiwa kwa swali hilo. Baba yangu alipofariki Bukavu, nami niko huku, watu walijaa sebuleni kwangu Guildford, Wakongo na Warundi na mama mmoja wa Tanga, na kila aliyeingia alivuta kiti karibu yangu, akauliza: alikuwa anaumwa nini, ilianza lini, nani alikuwa naye. Nikaeleza. Akaingia mwingine, nikaeleza tena tangu mwanzo. Siku za kwanza maneno yalikuwa yananikwaruza koo. Kufikia mwisho wa matanga nilikuwa nikiyasema huku namimina chai, na baba alikuwa amekufa kweli, nami nilikuwa bado mzima. Asiyekuuliza kwetu ni yule ambaye msiba wako haumhusu.

Nilisikia friji ya yule mama ikinguruma. Kisha akaanza, na akaanza mbali, kwenye kikohozi ambacho mumewe alikisingizia vumbi. Nilimfuata. Tulipanda ngazi za hospitali, tukakaa kwenye korido, tukarudi nyumbani kuchukua pajama safi, tukachelewa. Jua likahama kutoka upande mmoja wa meza yangu hadi mwingine. Alipomaliza alisema hakuwa amelieleza jambo lile kwa mtu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ndipo nikamweleza habari ya cheti, na akaenda kukitafuta bila shida yoyote.

Simu zote hurekodiwa. Msimamizi aliniita, mwanamke mpole mwenye mazoea ya kuegemeza shavu kwenye kiganja. Aliniwekea sauti yangu mwenyewe ikiuliza, na katika chumba kile kidogo ilisikika kama ya mmbea. Swali lile halikuhitajika, akasema, na limemfanya mteja ataje ugonjwa kwenye rekodi ya benki.

"It's not me," akaongeza. "It's the audit." Wakaguzi ndio hawataki.

Alinipa kadi yenye sentensi mbili za kusoma panapotajwa kifo: pole kutoka kwa kampuni, kisha ombi la cheti. Likitokea tena, akasema, basi, kazi sina.

Jumapili nilimsimulia dada yangu mkubwa, yaya kama tunavyomwita kwetu, anayehudumia wazee huko Macquarie Fields. Tulikuwa jikoni kwangu, anamenya ndizi.

"Na banataka kukufukuza juu ya ile?" akauliza.

"Yaya, ni sheria yao."

"Sheria ni muzuri. Lakini kule ku aged care batu banakuya, banaosha muzee, banamugeuza, banaandika ku tablet. Hakuna mwenye anamuuliza kitu. Weye uliuliza moya tu."

Binti yangu akainua kichwa kutoka kwenye simu. "Mum, you can't just ask people that. It's private."

Niliwatazama wote wawili, na kilichonikera ni kwamba wote walisema kweli.

Nikaifuata kadi. Wiki zikapita kwa ulaini wa ajabu, kama ndoto ambayo hakuna kinachotokea. Wafiwa walipiga, nikawasomea, wakashukuru, wakakata. Alama zangu zikapanda. Msimamizi akanionyesha dole gumba kupitia kioo. Nikaanza kukiita kile kiti changu, nikaleta hata kimto cha mgongo.

Nitasema mapema ili usihangaike: nilifeli. Niko ghalani tena, na kimto ninacho.

Siku ya mwisho ya majaribio msimamizi alikaa kando yangu, hedifoni ya pili kichwani, karatasi ya alama mapajani. Simu ya kwanza ikawa ya mzee wa Ufaransa. Mkewe alikuwa amefariki, na mashine ilikuwa imemrudisha mwanzo mara kadhaa. Alikuwa amechoka, lakini hakugomba. Nikachukua kadi. Nikasoma kwa Kifaransa safi, bila kukwama, kwamba kampuni inampa pole kwa msiba uliomfika, na kwamba tafadhali aandae cheti.

Akasema taratibu, kama anayemweleza mtoto, "Samahani. Mimi niliomba mtu."

Nilimtazama msimamizi. Alikuwa amesikia, Kifaransa anakijua. Aliinamisha macho kwenye karatasi yake, kalamu mkononi, na sikumlaumu hata kidogo. Niliuona mgongo wangu ghalani, niliona pumzi zikitoka mdomoni kwa baridi saa kumi na moja alfajiri. Nikaigeuza kadi kifudifudi mezani.

"Ndiyo, baba," nikasema. "Niko hapa. Alikuwa anaumwa nini?"

Mbali huko, katika usiku wao, nilisikia kiti kikivutwa sakafuni, na mtu akikaa vizuri ili aanze.